Mwalimu wa Langoni na Kijana wa Majengo



Kama wewe ni kijana wa Kiislamu wa Meru au Embu, huenda umeshaulizwa: "Wewe ni Mmeru, ilikuwaje ukawa Muislamu?" Shuleni unaulizwa na wenzako wasio Waislamu. Na wakati mwingine, subhanallah, unaulizwa msikitini na Muislamu mwenzako ambaye babu zake walisilimu zamani kuliko wako. Mtu akiulizwa hivyo mara nyingi huanza kujiona mgeni katika dini yake mwenyewe.

Basi tumkumbuke mwalimu mmoja aliyelikuta jambo hili Lamu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ni Habib Swaleh bin Alawi Jamalilleil, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Habib Swaleh alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, akaja Lamu akiwa kijana. Lamu ya wakati ule ilikuwa na matabaka. Wakubwa walikaa Mkomani katika nyumba za mawe, na elimu ya dini ilikuwa kama mali ya koo zao. Watumwa, walioachwa huru na wafanyakazi wa mashamba ya minazi walikaa vibanda vya makuti. Kumbuka kwamba utumwa katika pwani yetu ulipigwa marufuku rasmi mwaka 1907 tu. Watu hawa walikuwa Waislamu, lakini nani alikaa nao akawasomesha?

Yeye alikuwa sharifu. Angeweza kukaa na wakubwa, akabusiwa mkono, akala vizuri, mambo yakaisha. Hakufanya hivyo. Alikwenda kwa wale waliodharauliwa. Alijua dawa za miti shamba, akawatibu. Akawafundisha dini, akala nao. Wakubwa wengine walikasirika: vipi sharifu anajishusha namna hii? Hakujibizana nao. Aliendelea na kazi yake.

Karibu mwaka 1900 ukajengwa Msikiti wa Riyadha huko Langoni, kusini mwa mji, mbali na wakubwa. Wanafunzi wakaja kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki. Matari katika maulidi yake yalileta mabishano miongoni mwa wanazuoni, na hapa si mahali pa kuyafufua. Alifariki mwaka 1935, na mpaka leo Riyadha inasomesha.

Sasa, ndugu yangu, haya yanakuhusu nini wewe uliye chini ya Mlima Kenya?

Kwanza, elimu hairithiwi kama shamba. Isome Suratu Abasa pamoja na tafsiri yake uone jinsi Mtume (s.a.w.) mwenyewe alivyokumbushwa kwa ajili ya kipofu mmoja aliyekuja kutaka kujifunza. Kama wewe ni wa kwanza kusilimu kwenu, hilo si doa. Bilal naye alikuwa wa kwanza kwao.

Pili, kazi yako ni darsa. Wagonjwa wa Habib Swaleh waliona kwanza huruma ya tabibu, halafu wakasikia mafunzo ya mwalimu. Wewe unayeuza duka Maua, unayeendesha matatu ya Embu na Meru, au unayehudumia wagonjwa hospitalini, watu wanausoma Uislamu kwako kabla hawajafungua kitabu chochote. Ukipunguza mizani, umewafundisha nini? Na ukirudisha chenji ya mtu aliyeisahau, je?

Tatu, subira. Riyadha haikusimama kwa mwaka mmoja. Sisi tukiandaa semina moja ya vijana na wakaja watu kumi tu, tunavunjika moyo, ati watu hawataki dini!

Uislamu huku kwetu uliletwa zaidi na wafanyabiashara na askari Waswahili. Serikali ya kikoloni ilipofungua kituo cha Embu mwaka 1906 na cha Meru mwaka 1908, watu hao walikuja na swala zao. Hawakuwa na vyeo vikubwa. Lakini kuna mmoja wao aliyemkalisha babu ya mtu akamfundisha alif, na leo mjukuu anafunga.

Kwa hivyo Ramadhan hii, baada ya Alasiri, angalia safu za nyuma msikitini. Yupo pale mtu aliyesilimu juzi, Fatiha bado inamtatiza, na anaona haya kuuliza. Usimuulize jina lake la zamani. Kaa karibu naye, mwanze na aya moja. Jioni mwende mkafuturu pamoja.

Wabillahi tawfiq.