Kambarau hadi angani

Manibe, jirani na mji wa Arua, kuomba lifti ni kuomba kupakiwa garini. Ndiyo maana "lifti ya angani" kama jina la mtambo wa kamba ya kupandia kutoka ardhini hadi angani hainiridhishi: msikilizaji atafikiria roketi inayobeba abiria. Kamusi zinatupa kambarau kwa lifti ya ghorofa, nami nalitetea neno hilo kwa moyo wote, ingawa hapa kamba haivutwi. Inasimama, na behewa ndilo linaloipanda.

Je, inawezekana? Hesabu inakubali. Chombo kilicho kilomita 35,786 juu ya ikweta huzunguka sambamba na dunia, kwa hiyo hubaki juu ya mahali palepale. Mwaka 1960 Yuri Artsutanov, mhandisi wa Urusi ya Kisovieti, alipendekeza kamba ishushwe kutoka huko hadi ardhini, na uzito mwingine uwekwe upande wa juu kuishikilia isianguke. Manibe, takribani nyuzi tatu kaskazini ya ikweta, haiko mbali na mstari huo.

Tatizo ni kamba. Waya wa chuma bora ungekatika kwa uzito wake wenyewe kabla ya kufika kilomita mia. Nyuzi za kaboni za maabara zina nguvu ya ajabu, lakini uzi mmoja usio na dosari bado hupimwa kwa sentimita.

Wadinka wa Sudan Kusini husimulia kamba iliyounganisha mbingu na nchi, hadi ndege mdogo alipoikata. Wahandisi nao wanaogopa mabaki ya satelaiti yanayozunguka huko juu, yasije yakaikata kamba yao.