Kompyuta ya mezani isiyowaka

Ni hali ambapo kompyuta ikibonyezwa swichi haitoi mlio, taa wala mzunguko wa feni. Feni ikizunguka huku kioo kikibaki cheusi, umeme umefika; hiyo ni hitilafu nyingine.

Uchunguzi huanzia ukutani. Chomeka taa kwenye soketi ileile, kisha badili waya. Plagi ya miguu mitatu mara nyingi huwa na fyuzi ndani, na wengi huisahau. Nyuma ya pawasaplai, kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, kuna swichi ya I na O; baadhi ya zile za zamani zina pia kiteuzi cha 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni volti 230, hivyo mashine ya mtumba kutoka Marekani iliyoachwa kwenye 115 yaweza kuungua mara tu inapochomekwa, iwe Same mjini au Kighare, juu milimani Upare. Radi nayo huua pawasaplai: kuzima swichi hakutoshi, chomoa plagi.

Pawasaplai ya ATX iliyo nzima hutoa volti 5 za akiba hata kompyuta ikiwa imezimwa. Fundi huichomoa kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta), huunganisha waya wa kijani na mweusi, na kutazama feni yake. Ikizunguka, bado si hakikisho. Mita ndiyo shahidi. Volti zikiwa sawa, huirudisha, kisha hugusisha kwa bisibisi pini mbili za kitufe cha kuwashia kwenye madabodi. Mashine ikiwaka, kilichokufa ni kitufe tu.

Pawasaplai yenyewe haifunguliwi ovyo: kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.