Sigara Zilizogawa Duka

Mwaka 1913 familia ya Albrecht ilifungua duka dogo la vyakula mjini Essen, Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wana wao Karl na Theo walilirithi mji ukiwa magofu na wateja wakihesabu senti. Wakapunguza: aina chache za bidhaa, mali ikiuzwa ndani ya maboksi yake. Makeshia walikariri bei zote kichwani. Unafuu ule ulibebwa na kumbukumbu zao, jambo ambalo historia za matajiri hulipita haraka.

Mwaka 1961 ndugu hao wakagawana nchi, kaskazini kwa Theo, kusini kwa Karl. Chanzo, inasimuliwa, ni sigara: Karl aliona zitavuta wezi. Lidl ikaja 1973 na mbinu ile ile. Aldi ilifika Uingereza 1990, Lidl 1994.

Basi mama anayesimama leo Birmingham na orodha ya unga, mafuta na nepi, akipima aende Aldi au Lidl, sehemu kubwa ya uchaguzi ameshafanyiwa: mafuta ya aina chache, si ishirini. Linalobaki mikononi mwake ni nauli ya basi, na kama wiki hii mchele wa gunia upo.