Mnaouliza Sumbawanga kuna nini zaidi ya uchawi, someni hapa

Nimekuwa kimya kidogo, mitihani ilinibana kwelikweli. Sasa nimepumua, na kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima.

Kila nikijitambulisha kuwa natokea Chanji, Sumbawanga, utani ni ule ule: eti umekuja chuo kwa basi au kwa ungo? Nimeshazoea, nacheka nao. Lakini juzi tulikuwa tunapanga safari ya darasa letu la historia, kwenda kuona majengo ya ibada ya kale. Orodha ikaandikwa ubaoni: Kilwa Kisiwani, Kizimkazi, Bagamoyo, Mkunazini. Nikanyoosha mkono nikasema jamani, na huku Ufipa na Karema je? Jamaa mmoja wa nyuma akajibu, "Kule tukaangalie nini, vibuyu?" Darasa zima kicheko. Haya basi, jibu langu ni hili.

Kwanza nisieleweke vibaya, ile orodha ya ubaoni ni nzuri. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza kujengwa karne ya 11, na magofu ya Kilwa yameingia kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Kanisa la Mkunazini pale Zanzibar lilijengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka ule ule, na Askofu Steere aliyelisimamia amezikwa humo humo. Bagamoyo nayo, Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868 wakaanza kukomboa watoto waliokuwa wanauzwa. Nendeni, mkapige picha.

Ila jiulizeni swali moja tu. Hao watumwa waliouzwa Mkunazini na kupita Bagamoyo walikuwa wanatoka wapi? Njia ina vichwa viwili. Sisi kila siku tunakwenda kuangalia kichwa cha baharini, pale biashara ilipoishia. Kichwa kingine kiko ziwani Tanganyika, na huko ndiko iliko Karema.

Karema haikuanza kama kanisa. Ilianza kama ngome. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alifika pale kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili, kile kilichojiita cha kimataifa. Wakajenga juu ya kilima kidogo karibu na maji. Mnachekesha nyie mnaosema Wazungu walikuwa wanajua kila kitu: miaka hiyo hiyo ziwa lilikuwa limeanza kushuka, kwa sababu maji yalikuwa yamepata njia ya kutokea upande wa Kongo kwa mto Lukuga. Likashuka kwa mita kadhaa. Ngome ya ziwani ikajikuta iko mbali na ziwa, mbele yake matope na majani.

Na tembo je? Hii nikiwasimulia watu hapa hosteli wanadhani natunga. Mwaka 1879 tembo 4 walioletwa kwa meli kutoka India, wamefundishwa kubeba mizigo, walishushwa ufukweni Msasani. Ndiyo, Msasani hii hii ya Dar mnayoijua. Wazo la Leopold lilikuwa kwamba tembo wachukue nafasi ya wapagazi hadi Karema. Carter aliyewaongoza aliuawa mwaka 1880 akiwa njiani kurudi pwani. Tembo wote walikufa, wengine njiani, wa mwisho huko huko Karema. Yaani mnyama kavuka bahari ya Hindi, katembea nchi nzima hii kwa miguu, akaishia kufa mkoani kwetu (enzi zile hakukuwa na mkoa, lakini mmenielewa).

Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, Leopold akaona riziki yake iko Kongo. Karema akawaachia Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Ngome ikawa misheni. Lakini bunduki hazikuondoka siku hiyo. Mwaka uliofuata akaja Kapteni Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, akafundisha vijana wa kienyeji kulinda vijiji dhidi ya wakamata watumwa, baadaye akahamia ng'ambo ya ziwa na kufia huko mwaka 1927. Kwa hiyo unapoangalia misheni ya Karema usiangalie kama unavyoangalia parokia ya kawaida. Watu walikimbilia pale kwa sababu kulikuwa na ukuta. Sala ilikuja pamoja na hifadhi, na sidhani kama mtu anaweza kutenganisha kipi kilimwingiza nani.

Lakini mtu wa Karema ninayemhusudu si mfalme wala kapteni. Ni Adriano Atiman. Huyu alizaliwa Afrika Magharibi, maeneo ya mto Niger karibu na Timbuktu. Akakamatwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa, akauzwa. Mapadri Weupe wakamkomboa kule Algeria, kwa maana ya kumnunua. Wakampeleka Malta kusomea tiba. Mwaka 1889 akafika Karema akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Wadau, hakuondoka tena. Alitibu na kufundisha dini pale pale hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Vita mbili za dunia zikapita, Mjerumani akaja akaondoka, Mwingereza akaja, yeye yupo tu anafunga vidonda. Akaoa pale, na mwanawe mmoja akawa padri.

Sasa mnaotucheka kwa waganga, basi mganga mashuhuri kuliko wote katika historia ya pande zetu ni huyo. Mtumwa wa zamani, katekista, amesoma Malta.

Nilifika Karema likizo ya mwaka wa kwanza, na mjomba wangu aliyekuwa na shughuli zake za dagaa. Kuna watu waliozoea kufika huko kwa meli ya Liemba, sisi tulikwenda kwa barabara kupitia Mpanda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilichokipenda ni kwamba hakuna aliyekuwa anatuuzia chochote. Kinamama walikuwa wanatoka kwenye misa ya asubuhi, watoto wanacheza kando ya kuta za kale bila habari. Nikamuuliza mzee mmoja kama wageni wanakuja kuangalia historia. Akasema, "Wanakuja kuangalia samaki, mwanangu." Tangu bandari mpya ikamilike mwaka 2022 watasema wanakuja kuangalia makontena.

Hapa ndipo penye uchungu wangu. Mwaka 2006 nchi yetu ilipeleka UNESCO orodha ya awali ya njia kuu ya watumwa na pembe za ndovu. Vituo ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Vizuri sana. Karema haimo. Mahali ambapo mtu aliyekuwa mtumwa aliwatibu watu kwa miaka 67, haimo. Halafu sisi wasomi nao tukakaa darasani tukaandika orodha ya kwetu, nayo ikaisha ufukweni.

Kutoka Karema, Ukatoliki ulipanda mlimani, ukaenea Ufipa yote. Kate, Zimba, Mwazye, Kala, ukisikia majina hayo ujue ni misheni za zamani. Jimbo lenyewe liliitwa Karema hadi mwaka 1969 lilipobadilishwa jina likawa Sumbawanga. Siku hizi Karema iko mkoa wa Katavi na jimbo la Mpanda, lakini bibi yangu hadi leo anasema "jimbo la Karema" na humrekebishi.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu, maana hizo nilizotaja zote zina kuta. Ufipa ina mahali pa ibada pakongwe kuliko Karema ambapo hapana ukuta hata mmoja.

Panaitwa Milansi. Jina hilo mtalikuta leo kama kata ya Milanzi ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, kama ilivyo Chanji. Simulizi za Kifipa zinasema mfalme wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni, na kiti chake kilikuwa Milansi chini ya mlima Itweelele. Baadaye wakaja wanawake watatu wageni kutoka mbali. Mfalme alikuwa ameenda kuwinda, na alimwonya mkewe asiwape wageni kile kiti. Mke akawapa. Mfalme aliporudi akakuta utawala umeshakwenda, lakini hakunyang'anywa kila kitu. Utawala wa nchi ukawa wa hao wageni, Watwa, ambao kizazi chao baadaye kiligawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Mlima na heshima ya ibada vikabaki Milansi. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyekaa Ufipa miaka ya 1960, aliichambua sana hadithi hii, ila mimi niliisikia kwanza jikoni.

Mnaosoma siasa, angalieni hapo. Wafipa walikuwa wametenganisha anayetawala na anayeombea nchi, na wakaeleza kwa nini, kabla hajaja Mzungu yeyote na katiba yake.

Kuna na malungu. Ilungu ni tanuru la kuyeyushia chuma, la udongo, refu kama mita 3, linajivutia hewa lenyewe bila mivukuto. Bado yapo yaliyosimama porini, na chini yake utakuta mavi ya chuma yamezagaa. Fundi hakuwasha moto hivi hivi tu. Alikuwa na kikapu chake cha dawa, tanuru lilipambwa na kuimbiwa kama bibi harusi, na wayeyushaji walikaa mbali na wake zao mpaka kazi iishe. Chuma kikitoka kinasafishwa tena kwenye tanuru dogo, kintengwe, hapo ndipo mivukuto inatumika. Majembe ya bei rahisi ya kutoka nje yalipojaa sokoni, kazi ikafa. Mimi naliona ilungu kama nyumba ya ibada kabisa, ingawa najua mhadhiri wetu ataliweka kwenye mada ya teknolojia.

Sasa fikirini. Kikapu kile cha dawa mgeni akikiona anasema nini? Anasema uchawi. Anayepeleka sadaka mlimani, uchawi. Aliyechomea ubani Kizimkazi, utamaduni. Mshumaa Bagamoyo, utalii. Tofauti naiona moja tu, wale wana jengo la kupiga picha. Na huu si utani wa darasani peke yake. Nchi hii wapo vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, na moshi wa kuni ndio uliowafanya yawe mekundu. Jina lenyewe Sumbawanga, kwa Kifipa, maana yake ni tupa uchawi. Yaani mji unaoitwa tupa uchawi ndio mnaouita wa wachawi!

Wanaotaka kweli kuja, maelekezo mafupi. Kutoka Mbeya mnapita Tunduma, lami mpaka mjini. Njooni mwezi wa sita au wa saba barabara za vijijini zikiwa kavu, na bebeni sweta, Sumbawanga ina baridi ambayo watu wa Dar hamjawahi kuiona. Karema tengeni siku tatu kwenda na kurudi. Milansi msiende na kamera mbele. Mnaanza kwa wazee, mnasalimia, mnasema mmetoka wapi na mnataka nini, na wakiwaambia leo hapana basi mnarudi mjini mkanywe chai. Ilungu msipande juu, ni udongo, likibomoka hakuna fundi wa kulijenga.

Nyumbani Chanji pa kulala papo. Mama ameshaniuliza mko wangapi, kwa hiyo naomba majina kabla ya Ijumaa. Na yule jamaa wa vibuyu nimeshamwandika wa kwanza.