Tawi lililoanguka ni la nani? Historia ya kuni za kuokota kandokando ya Virunga

Kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, na ile ya Goma kwenda Sake, wamama wanashuka tangu asubuhi na mizigo ya kuni mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Katika mzigo kuna matawi ya mikalitusi, vijiti vya miti ya porini, vipande vya mizizi, hata miti ya mahindi iliyokauka. Hakuna anayewauliza wamezitoa wapi. Swali hilo wameshaulizwa huko walikotoka: na mwenye shamba, na mlinzi wa mbuga, au na mtu mwenye bunduki.

Kuni za kuokota zina historia ndefu katika jimbo la Kivu Kaskazini. Ukiifuata, unaona namna ardhi ilivyogawanywa, nani alifungiwa nje, na kwa nini mpaka leo mama anaweza kuhatarisha maisha yake kwa ajili ya kupika maharagi.

Wakati tawi lilikuwa la aliyeinama

Kabla ya ukoloni, ardhi ya Masisi, Rutshuru na Lubero ilikuwa chini ya bami na wakubwa wa udongo. Aliyetaka kulima alipewa sehemu na kutoa zawadi ya heshima: mbuzi, pombe ya ndizi, au sehemu ya mavuno. Mti mkubwa wa kuchonga mtumbwi wa kukamulia ndizi, au wa kujengea nyumba, uliombwa kwa mwenye udongo. Lakini kuni kavu hazikuombwa. Mti uliosimama ulikuwa na mwenyewe. Tawi lililolala chini lilikuwa la yule aliyeinama kuliokota.

Kazi yenyewe ilikuwa na ujuzi, na wasichana waliipokea kwa mama zao. Tawi linajaribiwa kwa kulivunja: likilia na kukatika mara moja, limekauka, likijipinda, liachwe. Mti ulioozea kwenye majani mabichi unaachwa pia, maana umenywa maji kama sifongo na utatoa moshi mtupu. Matawi membamba yanakatwa kwa urefu mmoja ili mzigo ukae vizuri mgongoni. Gogo linapasuliwa kwa shoka na kabari, kufuata mstari wake wa asili, kuanzia upande wa juu wa mti. Penye fundo, mtu mwenye akili anaanzia pembeni.

Nyumbani, kuni zinapangwa kwa kupishana ili upepo upite katikati. Wakati wa mvua zinapandishwa kwenye uchaga juu ya mafiga, na moto wa leo unakausha kuni za kesho. Hilo si jambo dogo. Kuni mbichi zinapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kwa kuchemsha maji yaliyo ndani yake zenyewe kabla chungu hakijapata joto. Ndiyo sababu wazee walisema kwamba anayeweka kuni siku ya jua hataomba moto kwa jirani siku ya mvua.

Mipaka inawekwa

Tarehe 21 Aprili 1925, mfalme wa Ubelgiji aliunda Mbuga ya Albert, ya kwanza ya aina hiyo Afrika. Mwanzoni ilikuwa ndogo, kwenye milima ya volkano, kwa ajili ya kulinda sokwe. Baadaye ikapanuliwa mara kadhaa hadi kufikia karibu kilomita mraba 7,800. Mwaka wa 1969 ilipewa jina la Virunga, na mwaka wa 1979 UNESCO iliiandika kati ya urithi wa dunia.

Kwa wakaaji wa kandokando, maana yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Pori ambalo bibi yao aliokotea kuni sasa lilikuwa na mlinzi. Vijiji fulani vilihamishwa, na ugomvi juu ya mipaka ulioanza wakati huo haujaisha hadi leo.

Upande wa pili, mashamba makubwa yalikuwa yakifunguliwa. Komite ya Taifa ya Kivu, iliyoundwa mwaka wa 1928, ilipewa mamlaka juu ya ardhi kubwa ili kuwapa walowezi Wazungu. Kahawa, chai na pareto vikapandwa kwenye vilima vya Masisi na Rutshuru. Kuanzia 1937, serikali ya kikoloni ilileta maelfu ya familia kutoka Rwanda kuja kukaa na kufanya kazi huko. Watu waliongezeka, misitu ikapungua, na mashamba yakawekewa mipaka kwa mistari ya miti. Miti hiyo mara nyingi ilikuwa ya kigeni: mikalitusi, migrevilea, na mikeshia myeusi.

Hapo ndipo tawi lililoanguka lilipopata mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mfanyakazi wa shamba aliweza kuruhusiwa kuokota mabaki baada ya kupogoa. Mtu wa nje aliyekutwa na mzigo aliitwa mwizi.

Sheria ya 1973 na mashamba yenye ukuta

Uhuru haukurudisha mambo ya zamani. Mwaka wa 1973 ulileta mabadiliko mawili. Sheria ya ardhi ya Julai ilitangaza kwamba udongo wote ni mali ya taifa, na mwisho wa mwaka ule mashamba ya wageni yalinyang'anywa na kupewa Wazaire. Wengi waliopata walikuwa watu wenye vyeo na wafanyabiashara. Huko Masisi mashamba mengi yaligeuzwa kuwa malisho ya ng'ombe.

Malisho hayana kuni nyingi. Familia zilizobaki kati ya ukuta wa shamba la mkubwa na mpaka wa mbuga zilikuwa na njia mbili tu: kupanda miti kwenye kipande chao kidogo, ambacho kilihitajika kwa chakula, au kuingia usiku mahali pasiporuhusiwa.

Mwaka wa 1994

Mwezi wa saba 1994, watu zaidi ya 800,000 walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia eneo la Goma kwa muda wa siku chache. Kambi zilifunguliwa Kibumba, Katale, Kahindo, Mugunga na Lac Vert, zote karibu na mbuga kiasi cha kufika kwa miguu. Kipindupindu kiliua makumi elfu ya watu katika majuma ya kwanza.

Msaada wa chakula ulikuja: mahindi, unga, maharagi. Vyote vinahitaji moto, na maharagi yanahitaji moto wa saa nyingi. Kwa makadirio ya wakati ule, hadi watu 40,000 waliingia mbugani kwa siku moja kutafuta kuni. Kwanza waliokota zilizokauka. Zilipokwisha, walikata mbichi. Mbichi zilipokwisha, walichimba mizizi katikati ya mawe ya volkano. Zaidi ya kilomita mraba 100 za msitu ziliguswa, na sehemu kubwa zikabaki wazi kabisa. Mwaka huohuo UNESCO iliiweka Virunga kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Mashirika yalijaribu kupunguza madhara kwa kuleta kuni kwa malori na kufundisha watu kujenga majiko ya udongo. Kambi zilivunjwa kwa vita vya mwisho wa 1996. Lakini wakaaji waliobaki walirithi msitu ambao umerudi nyuma, na mama aliyekuwa akienda saa moja sasa alienda saa tatu.

Makala na miti ya kupanda

Mji wa Goma ulipokua, moto wake ulitoka hasa kwenye makala. Makala ni mepesi kubeba kuliko kuni, na chukudu moja inaweza kushusha mifuko kadhaa kutoka milimani. Ila katika tanuri la udongo la kawaida, kilo moja ya makala inaweza kula kilo 7 hata 10 za kuni. Biashara hiyo ikawa mfuko wa pesa wa makundi yenye silaha.

Kuanzia 2007, mradi wa EcoMakala ulisaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti kwenye ardhi zao, pamoja na kueneza mbabula zinazotumia makala machache. Mkalitusi una faida yake: ukikatwa vizuri, kisiki kinachipua tena. Ubaya wake unajulikana pia, maana unakunywa maji mengi na mazao hayapendi kukaa karibu nao. Lakini shamba lenye miti lilileta kitu ambacho wengi hawakukitegemea. Mwenye shamba akisha kutoa shina kwa ajili ya mbao na makala, vinabaki vichwa, matawi na maganda. Hayo mabaki ndiyo kuni za maskini.

Vita ya sasa

Tangu 2022, vita vya M23 vilijaza tena watu kwenye vilima vya Goma: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo. Historia ya 1994 ilirudi, safari hii na Wakongomani wenyewe, chini ya vibanda vya maturubai. Chakula kilikuwa kidogo, kuni hazikugawiwa za kutosha, na wamama waliingia porini. Wengi hawakurudi kama walivyoenda. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilihudumia zaidi ya watu 25,000 waliotendewa ukatili wa kingono nchini Kongo mwaka wa 2023, wengi mno kati yao katika Kivu Kaskazini, na wengi walieleza kwamba walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula.

Familia zilijua hatari hiyo. Ziliwekwa mbele ya hesabu chungu: akienda baba, anaweza kuuawa au kushikwa; akienda mama, anaweza kubakwa; asipoenda mtu, watoto wanalala na njaa karibu na unga ambao haujapikwa. Mara nyingi alienda mama.

Mwezi wa pili 2025, baada ya Goma kuchukuliwa na M23, kambi zilizozunguka mji ziliondolewa na watu wengi wakarudi vijijini. Wengine walikuta nyumba imebomolewa na miti yao imekatwa na waliopita kabla yao.

Kinachobaki kuamuliwa

Katika vijiji fulani, makubaliano ya zamani yanarudi polepole. Mwenye shamba anakubali watu waokote mabaki siku zilizotajwa, mchana, kwa kikundi, nao wanasafisha shamba na hawagusi mti uliosimama. Wengine wanatoa siku moja ya kulima. Makubaliano kama hayo hayamgharimu mwenye shamba kitu kikubwa, maana matawi yakiachwa yanaoza au yanaleta moto wakati wa kiangazi.

Kwa mama anayeokota, tofauti ni kubwa. Akiwa na ruhusa ya mahali pa karibu, haingii mbugani, hatembei peke yake, na anapata muda wa kukausha kuni zake kabla ya kuzitumia, hivyo mzigo mmoja unamfikisha mbali zaidi. Miaka 100 ya mipaka imefanya tawi kavu kuwa jambo la hatari. Mkubwa wa kijiji, mwenye shamba na familia iliyorudi wanaweza kukaa chini na kulifanya tena kuwa la yule anayeinama.