Je, Mwindaji Ahitaji Risasi Kali Zaidi?

Katika mkutano wetu wa mwaka jana, tulipokuwa tumekaa chini ya miembe tukisubiri chakula, kijana mmoja wa kidato cha tano anayesoma Fizikia, Kemia na Hisabati alinifuata. Alikuwa ameambiwa kwamba mimi ni mtumishi wa Serikali katika mambo ya wanyamapori. Aliniamkia kwa adabu, kisha akaniuliza: "Kaka, Wamarekani wametengeneza risasi yenye mgandamizo wa pauni 80,000 kwa kila inchi ya mraba. Mbona wawindaji wanaokuja kwetu bado wanabeba bunduki za risasi iliyobuniwa mwaka 1912?"

Nilimjibu haraka haraka kwamba ndivyo sheria inavyotaka, mara tukaitwa kwenda kupakua wali. Jibu lile limenisumbua mwaka mzima. Sheria yetu inataka bunduki isiyopungua .375 kwa wanyama wakali, hilo ni kweli, lakini kijana aliuliza sababu. Tena mimi mwenyewe nilipokuwa kijana nilikuwa na mawazo kama yake, na mtu mmoja aliumia kwa ajili hiyo. Basi nalijibu hapa.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Risasi nzima ina ganda la shaba ya njano, ndani yake mna baruti, kitakoni mna fataki, na mbele pamechomekwa kichwa, yaani kile kipande kinachoruka. Baruti ikiwaka hugeuka hewa ya moto. Hewa hiyo hutafuta pa kwenda, husukuma kichwa katika mtutu, na wakati huohuo hulipanua ganda hadi likabana kuta za chumba cha bunduki. Mgandamizo ukiwa wa kiasi, ganda hunywea tena na bolti huvutika kwa vidole viwili. Ukizidi, ganda halinywei. Bolti hukataa, na mwenye bunduki hubaki ameshika rungu.

Babu zetu wa misafara ya pembe walitumia magobore ya baruti nyeusi. Baruti nyeusi haina mgandamizo mkubwa, kwa hiyo aliyetaka nguvu zaidi aliongeza ukubwa wa kichwa. Samuel Baker, Mwingereza aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, alikuwa na bunduki ya kurusha kichwa cha nusu ratili, na mwenyewe aliiogopa. Upande wa pili, Wawaata wa nchi ya Tsavo waliua ndovu bila baruti hata chembe. Walikuwa na pinde ngumu zinazovutwa kwa nguvu ya ratili 100 na zaidi, pamoja na sumu iliyochemshwa kutoka katika mti, na walijisogeza karibu sana na mnyama kabla ya kuachia mshale. (Miaka ya 1950 watu hawa walifungwa jela kwa ujangili, ilhali mwenye leseni na bunduki aliitwa mwindaji. Hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Mapinduzi yalikuja mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alipofanikiwa kutengeneza baruti isiyo na moshi. Waingereza wakafuata kwa kordaiti mwaka 1889. Ghafla kichwa chembamba kiliweza kwenda kasi maradufu, na kupenya mahali ambapo risasi kubwa ya gobore ilibonyea tu. Mwaka 1898 John Rigby wa London alitoa .450 Nitro Express, ambayo kichwa chake cha gramu 31 kilitoka mtutuni kwa mita 655 kwa sekunde. Hapo, bila ubishi, mwindaji alikuwa amepata kitu alichokihitaji.

Lakini kordaiti ilikuwa na tabia moja mbaya. Ikipata joto, mgandamizo wake hupanda. Risasi iliyopimwa Uingereza katika ukungu haikuwa risasi ileile ikipigwa bonde la Rufiji mwezi wa Oktoba. Mafundi wa London walilijua jambo hilo, maana waliletewa malalamiko kutoka India na Afrika kuhusu maganda yaliyokwama. Dawa yao ilikuwa ganda kubwa lenye nafasi nyingi ndani, ili baruti ifanye kazi yake bila kubanwa. Ndiyo maana .416 ya Rigby ya mwaka 1911 ina ganda nene kama kidole gumba na mgandamizo wa pauni 47,000 hivi, wakati .300 Winchester Magnum ya Wamarekani, ya mwaka 1963, hufika 64,000. Mtu akiangalia karatasi tu ataona ile ya zamani ni dhaifu. Mimi niliangalia karatasi.

Nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu, sina hata mwaka mmoja kazini, nikapelekwa pori moja la kusini kusimamia uwindaji wa wageni. Mgeni mmoja alikuja na risasi za .375 alizojaza mwenyewe kwao. Aliniandikia tarakimu za kasi yake katika daftari, zikawa zinazidi za kiwandani kwa mbali. Nikavutiwa sana. Tulikuwa na askari wa wanyamapori, mzee aliyekaribia kustaafu, mwenye bunduki ya Brno ya .375 ambayo kitako chake kilikuwa kimepauka kama kuni za mtoni. Mzee aliona kasha la risasi za mgeni limewekwa mbele ya usukani, juani, tangu asubuhi. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, hizo risasi zinapikwa. Mwambie aziweke kivulini, au leo atumie zetu." Nikamjibu kwamba mgeni ni mtaalamu. Sikumwambia mgeni neno lolote.

Saa tisa alasiri tulilikuta dume la nyati kwenye matete, hatua 60 hivi. Mgeni akapiga, na risasi ikaingia nyuma kidogo ya bega. Nyati aligeuka. Nikamsikia mgeni anapigapiga bolti kwa kiganja cha mkono, haifunguki. Akapiga tena, haifunguki. Mfuata nyayo wetu, kijana wa rika langu, ndiye aliyekuwa mbele. Alirushwa juu na kuvunjika paja. Mzee alipiga mara mbili, kwa risasi za kawaida za kiwandani, na ya pili ilimwangusha nyati hatua tano kutoka alipolala yule kijana. Tulisafiri usiku kucha hadi hospitali. Alipona, lakini hadi leo anachechemea, na porini hakurudi tena.

Mzee hakunilaumu. Ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

Tuendelee na historia. Wamarekani walianza kuabudu kasi hasa baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 John Nosler alikuwa Canada akiwinda yule mnyama mkubwa wa nchi za baridi aitwaye moose, akiwa na bunduki ya .300 yenye kasi nzuri. Vichwa vya risasi zake vilipasuka juu juu katika bega lililojaa matope, visifike moyoni. Nosler hakurudi nyumbani kutafuta baruti kali zaidi. Alitengeneza kichwa chenye ukuta katikati, ili sehemu ya mbele ikipasuka ile ya nyuma iendelee kupenya, na mwaka 1948 akaanza kukiuza. Kwa maoni yangu kichwa kile kiliwasaidia wawindaji kuliko nusu ya risasi zote mpya zilizotolewa tangu wakati huo.

Sasa tuje kwenye hizi za pauni 80,000. Chanzo chake ni jeshi. Mwaka 1922 ungesema ni ndoto, lakini mwaka 2022 Jeshi la Marekani lilichagua bunduki mpya ya milimita 6.8, ambayo ganda lake lina kitako cha chuma ili listahimili mgandamizo huo. Sababu yao inaeleweka: adui amevaa ngao kifuani, na askari anataka mtutu mfupi wenye kizuia sauti mbele yake. Mwezi wa Januari 2025 kampuni ya Federal ikatoa ya wawindaji, iitwayo 7mm Backcountry, yenye ganda la chuma maalumu. Hurusha kichwa cha gramu 11 kwa mita 914 hivi kwa sekunde, kutoka katika mtutu wa inchi 20 tu. Nakiri kwamba ganda la chuma limejibu lile tatizo la kukwama kwa namna ambayo shaba haikuweza. Na anayewinda milimani, anayebeba bunduki mgongoni kutwa na kupiga mnyama mita 400 ng'ambo ya korongo, ana haki ya kuifurahia.

Lakini tazama kipimo: milimita 7, gramu 11. Mskoti mmoja, W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 iliyorusha kichwa kigumu cha gramu 11 kwa mita 700 tu kwa sekunde, na mgandamizo wa pauni 50,000 hivi. Simsifu kwa wingi wa ndovu aliowaua. Idadi hiyo inatisha. Ninachosema ni kwamba Bell alikata fuvu la ndovu kwa msumeno ili aone ubongo ulipo. Alijua mahali pa kupiga, akatumia kichwa kisichopasuka. Anayemuiga bila kulijua fuvu atakanyagwa.

Katika pori la kwetu mnyama hupigwa kwa kawaida chini ya mita 150. Kwa umbali huo, bunduki zote mbili zikiwa zimerekebishwa kupiga sawasawa kwenye mita 100, tofauti ya kushuka kwa vichwa vyao ni sentimita chache tu. Mwalimu wetu wa Historia alizoea kutuuliza, kila tulipotaja jambo jipya, "Nani amefaidika?" Bunduki nzuri ya bolti hurithiwa na mjukuu. Kiwanda kitamuuzia nini mjukuu huyo, kama hakuna risasi mpya isiyoingia katika bunduki ya babu yake? Tena mgeni ambaye mizigo yake imepotelea uwanja wa ndege ataazimwa risasi za .375 karibu katika kila kambi. Za 7mm Backcountry atazisubiri hadi likizo yake iishe.

Lile ganda lililokwama tulilitoa siku ya pili yake kwa kugonga fimbo ya chuma kutokea mdomo wa mtutu. Kitako chake kimetutumka, na alama ya bolti imejichora juu yake kama mhuri. Ninalo katika mtoto wa meza ofisini. Mkutano ujao nitakuja nalo, na yule kijana wa kidato cha tano, ambaye sasa atakuwa kidato cha sita, namwomba aje na kipimo cha maabara tulipime pamoja na ganda ambalo halijapigwa.