Husuni za Milima ya Omani

Katika Kiswahili mahali palipojengwa kwa ajili ya vita paitwa kwa majina kadha wa kadha. Boma ni ukuta au ua wa kuzungushia. Ngome ni jengo la mawe. Na gereza, ambalo sasa ni nyumba ya wafungwa, wataalamu wengi hulitoa katika neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Liko tena neno husuni, lililotoka katika Kiarabu. Ndizo husuni tutakazozieleza hapa, kwa kuwa mtu aliyeziona za Omani huifahamu zaidi historia ya Mombasa.

Safari ya kuzizuru yaweza kutimizwa kwa siku moja. Wageni huondoka Muscat asubuhi mapema pamoja na kiongozi wao, hupenya milima ya Hajar kwa bonde la Sumail, ambalo ndilo njia ya tangu kale, na baada ya mwendo wa yapata kilomita 150 hufika Nizwa, chini ya Jebel Akhdar, yaani Mlima wa Kijani.

Ngome ya Nizwa ilijengwa na Imamu Sultan bin Seif wa ukoo wa Yaarubi, yule aliyewafukuza Wareno katika Muscat mwaka 1650. Mnara wake ni wa mviringo, nao umejazwa udongo na mawe ndani, usibomolewe kwa mizinga. Apandaye hupita ngazi nyembamba yenye kona na milango. Juu ya kila mlango pana tundu la kumwagia adui asali ya tende iliyochemshwa. Lakini ngome isiyo na maji ni kaburi. Kwa hiyo watu wa Omani waliyaongoza maji kutoka chini ya milima kwa mifereji iitwayo falaj, na falaj Daris ya Nizwa ingali ikinywesha mitende hata leo.

Kutoka Nizwa njia yaenda Bahla, penye ngome kubwa ya matofali ya udongo iliyojengwa na Banu Nabhan, waliotawala kabla ya Wayaarubi. Ngome hiyo iliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987.

Karibu na Bahla iko husuni ya Jabrin, nayo ndiyo tungependa msomaji akae kitako aitazame. Aliijenga Bilarab, mwana wa Sultan bin Seif, katika miaka ya 1670. Kwa nje ni ngome, kwa ndani ni nyumba ya mtu apendaye elimu: dari zimepakwa rangi na kuchorwa maua, matao yameandikwa kwa hati nzuri, na palikuwa na chuo walimokaa wanafunzi na wanazuoni. Chumba kiitwacho cha Jua na Mwezi kina madirisha 14 katika safu mbili; yale ya chini huingiza hewa baridi, na yale ya juu huitoa ya joto. Hata hivyo kiongozi huwaonyesha wageni nafasi zilizofichwa chini ya sakafu ya baraza, walimojificha askari, ili wageni wa Imamu wakigeuka kuwa adui watokezewe ghafula.

Basi yote yalikuwa yamefikiriwa, isipokuwa ndugu. Seif bin Sultan, nduguye Bilarab, alitaka uimamu, akapata wafuasi, akamzingira katika Jabrin. Bilarab akafa humo humo mnamo 1692, na kaburi lake li ndani ya husuni aliyoijenga. Wahenga walisema, Kikulacho ki nguoni mwako.

Seif huyo ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, Wareno wakaishiwa na watu kwa njaa na maradhi. Watu wa pwani humkumbuka kwa ushindi huo. Lakini tusisahau kwamba mzingo wa kwanza uliompa cheo aliufanya milimani, mlangoni pa nduguye mwenyewe.

Wala fitina haikuishia hapo. Tangu 1719 jamaa wa Yaarubi waligombania uimamu, na mwaka 1737 mmoja wao akawaita Waajemi wamsaidie. Ufalme ukawaponyoka, ukashikwa na Busaidi. Na Mazrui, waliokuwa maliwali wa Mombasa, wakakataa kuwatii hao wapya, wakajifungia katika ngome ile ile.

Twaona, basi, kwamba kuta hizi zilijengwa ili kumzuia mgeni, na mara nyingi zilimzuia. Jioni wageni hurudi Muscat kwa njia ile ile ya bonde. Kaburi la Seif hawalioni: lipo Rustaq, katika ngome nyingine, upande wa pili wa milima, mbali na kaburi la nduguye.